Hermann von Tappeiner

Hermann von Tappeiner (18 Novemba 1847 – 12 Januari 1927) alikuwa daktari na mtaalamu wa famakolojia kutoka Tirol, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha, pamoja na wanafunzi na wasaidizi wake, kwamba kuna kemikali ambazo hazina madhara makubwa gizani lakini hugeuka sumu kwa seli hai zinapopigwa na mwanga. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kutibu saratani kwa dawa na mwanga. Pia unaeleza kwa nini viambato vya manukato hupimwa mara mbili, gizani na kwenye mwanga, kabla ya kupakwa kwenye ngozi ya watu.

Maisha ya awali

Tappeiner alizaliwa mjini Meran, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Austria na leo uko kaskazini mwa Italia. Baba yake, Franz Tappeiner, alikuwa daktari mashuhuri wa mji huo. Njia ya matembezi iliyo kwenye kilima juu ya Meran ina jina la baba, si la mwana.

Baada ya masomo ya tiba alifanya utafiti wa aina mbalimbali. Katika miaka ya 1870 aliwavutisha mbwa hewa yenye matone ya makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, nao wakaugua. Hilo lilikuwa kabla ya mwaka 1882, Robert Koch alipotangaza bakteria wa ugonjwa huo. Baadaye, akiwa Munich, alichunguza jinsi ng'ombe anavyoweza kuishi kwa majani makavu, akaonyesha kwamba selulosi huvunjwa na vijidudu vilivyo tumboni. Mwaka 1893 akawa profesa wa famakolojia katika chuo kikuu.

Jaribio la Oscar Raab

Kazi iliyompa jina ilianza kwa tukio ambalo hakuna aliyelipanga. Katika majira ya baridi ya 1897–1898 mwanafunzi wake wa tiba, Oscar Raab, alikuwa akipima sumu ya akridini, rangi itokanayo na lami ya makaa ya mawe. Aliitia katika maji yenye paramesia, viumbe wadogo wa seli moja wanaoishi katika maji yaliyotuama, kisha akahesabu muda hadi walipokufa.

Matokeo hayakulingana. Kiasi kilekile cha akridini kiliwaua haraka siku moja, na siku nyingine viumbe walidumu kwa saa nyingi. Mwanafunzi mwingine angeweza kudhani amekosea vipimo na kutupa daftari. Raab aligundua kwamba kilichotofautiana ni mwanga: siku ambayo viumbe walidumu, anga lilikuwa limefungwa na mawingu ya dhoruba.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye thamani zaidi. Raab aliweka paramesia na akridini gizani, wakaishi. Aliwaweka kwenye mwanga bila akridini, wakaishi. Aliwaweka kwenye mwanga pamoja na akridini, wakafa. Aliianika pia akridini peke yake kwenye mwanga kabla ya kuwatia viumbe, ili kujua kama jua huigeuza kuwa sumu ya kudumu, lakini haikuwa hivyo. Madhara yalitokea pale tu kemikali, mwanga na seli vilipokutana kwa wakati mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1900. Sifa kubwa ilimwendea profesa, ingawa haki ni kusema kwamba jicho lililoona tofauti lilikuwa la mwanafunzi.

Kutoka maabara hadi ngozi

Tappeiner alitambua mapema kwamba jambo hili lingewahusu madaktari wa ngozi. Ushahidi wa kwanza kwa binadamu ulikuja kama ajali: mwaka 1900 daktari Mfaransa Jean Prime aliwapa wagonjwa wa kifafa eosini, rangi nyekundu, kwa njia ya mdomo. Ngozi yao iliwaka na kuumia sehemu zilizopata jua.

Mwaka 1903 Tappeiner na daktari wa ngozi Albert Jesionek walitumia madhara hayohayo kwa makusudi. Waliwapaka eosini wagonjwa wa saratani ya ngozi na wa kifua kikuu cha ngozi, kisha wakawaangazia. Mwaka uliofuata, akishirikiana na Albert Jodlbauer, alionyesha kwamba oksijeni nayo inahitajika. Wawili hao waliliita jambo hilo utendaji wa fotodinamiki, na mwaka 1907 wakatoa kitabu kuhusu kemikali zinazong'aa na athari zake.

Jinsi hatari hiyo ilivyo kubwa ilionekana tarehe 14 Oktoba 1912, daktari Mjerumani Friedrich Meyer-Betz alipojidunga miligramu 200 za hematopofirini, kemikali itokanayo na damu. Alipotoka juani uso wake ulivimba vibaya, na ngozi yake iliendelea kuuogopa mwanga kwa takriban miezi miwili.

Tappeiner alifariki Munich tarehe 12 Januari 1927, akiwa na umri wa miaka 79.

Manukato na jua

Tappeiner mwenyewe hakuwa mtu wa manukato, lakini tatizo lilijitokeza katika biashara hiyo akiwa bado hai. Mwaka 1916 daktari Freund alieleza kuhusu wagonjwa waliopata mabaka meusi baada ya kujipaka eau de Cologne na kukaa juani. Mwaka 1925 Rosenthal aliyaita mabaka hayo kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kidani cha mkufu, kwa sababu yalifuata umbo la tone linaloteremka shingoni. Mwaka 1938 Hans Kuske alionyesha kwamba furokumarini ndizo zenye lawama. Mojawapo ni bergapteni, iliyomo katika mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa.

Furokumarini hazifuati kanuni ya Tappeiner kikamilifu: zikipigwa na miale ya urujuanimno hujifunga kwenye DNA ya seli hata bila oksijeni. Hata hivyo, njia ya kuzigundua ni ileile ya Raab. Kwa miongo mingi viambato vilijaribiwa kwenye ngozi ya wanyama na ya watu waliojitolea. Tangu 2004 kuna kipimo cha kimataifa cha shirika la OECD kinachotumia seli za panya zilizooteshwa maabara. Seli hutiwa kiambato katika sahani mbili. Moja hubaki gizani, nyingine huangaziwa urujuanimno kwa takriban dakika 50. Siku inayofuata hutiwa rangi nyekundu ambayo seli hai pekee huweza kuishika. Kama kiambato kinaua seli kwenye mwanga kwa kiasi kidogo zaidi ya mara tano kuliko gizani, huhesabiwa kuwa hatari kwa ngozi iliyo juani.

Sahani ya gizani haiwezi kuachwa. Bila hiyo, kiambato chenye sumu ya kawaida kingelaumiwa kwa kosa la mwanga.

Shirika la kimataifa la manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973, limeweka kikomo cha asilimia 0.4 cha mafuta ya bergamoti yaliyokamuliwa katika bidhaa zinazobaki kwenye ngozi iliyo wazi kwa jua. Sabuni na bidhaa nyingine za kuoshwa hazimo katika kikomo hicho, na watengenezaji wengi hutumia mafuta ambayo bergapteni imeondolewa.