William Hunter, daktari aliyelichunguza goti

Wazee wetu wengi sasa wanaswali juu ya kiti, magoti hayakubali. Kinacholika ni gegedu, ule utelezi mweupe unaofunika ncha za mifupa. Aliyelichunguza vizuri ni Mskoti, William Hunter, aliyezaliwa 1718 karibu na Glasgow. Chuoni alipelekwa asome dini, akahamia udaktari.

Mwaka 1743, kijana wa miaka 25 tu, aliandika kwenye jarida la Royal Society ya London kwamba gegedu limesimama nyuzi nyuzi kama mahameli, mishipa ya damu inaishia pembeni, na likishaharibika halirudi. Baadae akawa daktari wa Malkia Charlotte. Hakuoa, alikufa 1783, na makusanyo yake yote yakaenda Chuo Kikuu cha Glasgow.

Miaka zaidi ya 200 ikapita. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden wakatangaza: wamechukua chembe hai za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara, wakazirudisha gotini chini ya kiraka cha utando wa mfupa. Wagonjwa 23, wengi wakapata nafuu. Lakini jamani, hiyo ni kwa kidonda cha kuumia, kwa vijana hasa. Goti la bibi lililolika lote, bado.