Nyumba Yenu Ndiyo Shule ya Kwanza: Tujifunze kwa Nyaatha



Leo nawaomba, baba na mama, mketi pamoja jioni baada ya kazi za shamba, mjiulize swali moja: ni nani anayemfundisha mtoto wenu? Wengi wetu hapa Kangema tutajibu upesi kwamba ni mwalimu wa shule. Tumechuma majani chai, tumelipa karo, tumenunua sare na vitabu, basi kazi yetu imekwisha. Je, imekwisha kweli?

Mnamo Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wakarudi mikononi mwetu kwa miezi mingi. Mimi, katekista ninayefundisha watoto wa wenzangu, niligundua kwamba sikujua mtoto wangu mwenyewe anasoma nini wala anaogopa nini. Niliona haya. Hapo ndipo nilipoyatazama upya maisha ya mtu ambaye sisi watu wa Mlima Kenya tunamjua vizuri: Mwenye Heri Irene Stefani, yule wazee wetu waliyemwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Huenda ukauliza, mtawa asiyekuwa na mume atatufundisha nini sisi wenye ndoa? Subiri kidogo, ndugu msomaji.

Nyaatha alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akabatizwa kwa jina la Mercede. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto 12. Mama yake alifariki mwaka 1907, naye Mercede akiwa bado msichana akaanza kuwalea wadogo zake. Aliwatunza na kuwafundisha katekisimu nyumbani. Tazama basi: kabla hajafundisha darasani hata siku moja, alikuwa amekwisha kuwa mwalimu nyumbani kwao. Imani aliyoileta Kenya aliipata kwa wazazi wake.

Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata mjini Torino, shirika lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu kabla na Yosefu Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu mwaka 2024. Aliitwa Sista Irene. Mapema mwaka 1915 alifika Kenya. Wamisionari wa Konsolata walikuwa wamefika Tuthu, huku kwetu, tangu mwaka 1902.

Wakati huo vita vikuu vya kwanza vilikuwa vimeanza. Vijana wengi wa Kiafrika walichukuliwa kwenda kuwabebea askari mizigo, nao waliugua na kufa kwa wingi. Sista Irene alitumwa kuwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliosha vidonda, akawalisha wasioweza kujilisha, akawafundisha imani waliotaka kubatizwa.

Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, katika nchi ya Nyeri, akakaa huko kuanzia mwaka 1920 hadi kufa kwake. Alifundisha shuleni, lakini hakungoja watoto waje tu. Alivaa viatu vyake vizito, akapanda na kushuka vilima, akaingia boma hadi boma. Alijua jina la mtoto, la mama yake, na ugonjwa wa bibi yake. Wazazi ambao vijana wao walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi walimwendea awaandikie barua. Hivyo mzazi asiyejua kusoma aliendelea kumlea mwanawe aliye mbali.

Mwezi Oktoba 1930 alikwenda kumuuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na tauni. Alijua hatari yake, lakini hakumwacha. Naye akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na umri wa miaka 39. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ulitokea Nipepe, nchini Msumbiji, mwaka 1989: makatekista na familia zao walikuwa wamejificha kanisani wakati wa vita, wakamwomba Nyaatha, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo yakawatosha.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Wapo Wakristo wachache wanaowafundisha watoto masomo yote nyumbani. Lakini kumbukeni kwamba sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, kwa hiyo msimtoe mtoto shuleni kwa kuiga tu. Kwa wengi wetu, kinachohitajika ni kuirudisha nyumbani ile sehemu ya malezi tuliyoiacha mlangoni pa shule. Jaribuni haya:

Kwanza, tengeni robo saa kila jioni. Zimeni redio na simu. Mtoto asome kwa sauti, nanyi msikilize, kisha msali pamoja. Mzazi asiyejua kusoma asijifiche. Kumsikiliza mtoto ni kumfundisha.

Pili, baba asimwachie mama peke yake. Mtoto akimwona baba ameshika Biblia au daftari lake, atajua kwamba elimu na sala si mambo ya wanawake tu.

Tatu, fundisheni kwa kazi. Kupima majani chai ni hesabu. Kumpelekea jirani mgonjwa uji ni katekisimu.

Nne, kama mtoto yuko shule ya bweni, mwandikieni barua, baba mistari yake na mama mistari yake. Msingoje siku ya kufunga shule ndipo mjue habari zake.

Tano, matokeo mabaya yasiwe vita vya ndoa. Mara ngapi tumesema mtoto huyu ni wako akishindwa, na ni wangu akifaulu? Zungumzeni ninyi wawili kwanza, kisha mwendeeni mwalimu wake pamoja.

Nyaatha alikuwa na vilima vingi vya kupanda ili amfikie mtoto mmoja. Wetu yuko upande wa pili wa meza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anzeni leo jioni.

Mwenye Heri Irene Nyaatha, uziombee ndoa zetu na watoto wetu.