Jean Piaget: Mtu aliyetaka kujua kwa nini mtoto amekosea

Msikilizaji, kama nyumbani una mtoto wa miaka minne au mitano, jaribu jambo hili leo jioni. Chukua glasi mbili zinazolingana, tia maji sawasawa, kisha mwulize kama maji yanalingana. Akikubali, mimina ya glasi moja kwenye chupa nyembamba huku anatazama. Mwulize tena: wapi kuna maji mengi? Watoto wengi wa umri huo huonyesha chupa, kwa sababu maji yamepanda juu zaidi.

Usimcheke. Jaribio la namna hii lilimpa umaarufu Jean Piaget, mtaalamu aliyebadili jinsi dunia inavyoitazama akili ya mtoto.

Piaget alizaliwa tarehe 9 Agosti 1896 huko Neuchâtel, mji ulio kando ya ziwa nchini Uswisi. Baba yake alifundisha fasihi chuo kikuu. Nyumbani hakukuwa na utulivu, kwani mama yake alisumbuliwa na hali ya nafsi, na kijana akajificha katika kuchunguza viumbe. Mwaka 1907, akiwa bado mtoto wa shule, jarida moja lilichapisha maelezo yake mafupi kuhusu shomoro mwenye manyoya meupe. Baadaye akawa anamsaidia mkuu wa makumbusho ya mji kupanga makoa ya konokono. Konokono hao walimfikisha mbali: mwaka 1918 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu yao.

Mwaka 1919 alikwenda Paris, Ufaransa. Huko alipewa kazi ya kuwauliza watoto wa shule maswali ya kupima akili. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu majibu sahihi na yaliyokosewa, basi. Lakini Piaget aligundua kwamba watoto wa umri mmoja walikuwa wakikosea kwa namna inayofanana. Kama kukosea kwao kungekuwa uzembe tu, kila mmoja angekosea kivyake. Akaanza kukaa na watoto na kuwauliza wamefikaje kwenye jibu hilo. Akaona kwamba mtoto ana hoja yake, ila hoja hiyo si ya mtu mzima.

Mwaka 1921 alirudi Uswisi kufanya kazi katika Taasisi ya Rousseau mjini Geneva. Mwaka 1923 alimwoa Valentine Châtenay, wakajaliwa watoto watatu: Jacqueline, Lucienne na Laurent. Wazazi hao waliwatazama watoto wao tangu uchanga na kuandika waliyoyaona. Ukimfunika mtoto mchanga kitu anachochezea kwa kitambaa, hakitafuti, kana kwamba hakipo tena. Miezi ikipita, anakifunua mwenyewe.

Kutokana na kazi hiyo, Piaget aligawa ukuaji wa fikra katika hatua nne. Hadi miaka miwili hivi, mtoto hujifunza kwa kushika, kunyonya na kusogeza vitu. Kati ya miaka miwili na saba, hutumia maneno na michezo ya kuigiza, lakini hudanganywa na umbo la kitu, kama maji yale ya kwenye chupa. Kuanzia miaka saba hivi, hufikiri vizuri juu ya vitu anavyoviona na kuvigusa. Kuanzia miaka kumi na moja au kumi na miwili, huanza kupima mambo yasiyoonekana.

Kwake Piaget, mtoto si debe tupu linalosubiri kujazwa. Hujenga uelewa wake mwenyewe kwa kushika, kujaribu na kujirekebisha.

Kuanzia mwaka 1929, kwa karibu miaka 40, aliongoza Ofisi ya Kimataifa ya Elimu mjini Geneva. Alifariki katika mji huo tarehe 16 Septemba 1980, akiwa na miaka 84.

Si kila alichosema kimebaki kama alivyokiacha. Watafiti waliomfuata walionyesha kuwa watoto wachanga wanajua mengi mapema kuliko alivyodhani, na kwamba umri wa kila hatua hutofautiana kulingana na mazingira na kazi anazozizoea mtoto. Wengine, kama Lev Vygotsky wa Urusi, walitilia mkazo zaidi msaada wa watu wazima na wenzake mtoto.

Lakini lile swali lake la Paris bado linatuhusu. Mtoto akikosea hesabu, wengi wetu tunakimbilia kumwita mjinga au kushika fimbo. Mtoto anayeogopa kupigwa hasemi tena anachofikiri, na asiposema, hutajua alipokwama. Kwa hiyo leo, kabla ya kumsahihisha, mwulize kwanza: umefikaje hapo? Halafu nyamaza, msikilize.