Shaaban Robert na Mwanzo wa Hoja

Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chembamba cha hadithi kiitwacho Kusadikika. Ndani yake mtu mmoja, Karama, anasimama mbele ya baraza la mfalme akishtakiwa kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Majivuno, waziri mwenye cheo na ufasaha. Baraza limekwisha kuelemea upande wa mshtaki. Karama anajua kwamba maneno yake ya kwanza yakienda kombo, hakuna atakayengoja ya pili.

Aliyemweka Karama katika hali hiyo alikuwa karani wa serikali ya kikoloni mjini Tanga, na hali yake mwenyewe haikuwa mbali sana na ile. Makala haya yanafuata maisha ya Shaaban Robert kwa swali moja tu: anayetaka kumshawishi msomaji asiyekubaliana naye aanzie wapi?

Swali hilo linatugusa sisi tunaosoma lugha huku kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Kijana wa Luberizi anayemaliza sekondari huanza Mtihani wa Serikali kwa insha ya hoja katika Kifaransa, kabla ya mitihani mingine. Amefundishwa kanuni ya kufungua insha hiyo: ilete mada, iweke wazi, kisha igawe. Kanuni si mbaya. Lakini akifika kitivoni na kuombwa insha ya kushawishi kwa Kiswahili, mara nyingi huihamisha kanuni hiyo mzima mzima, au huanza kwa maneno yanayofaa mada yoyote duniani: kwamba tangu zamani za kale binadamu ameishi na matatizo mengi, na kwamba moja kati ya hayo ni hili. Msomaji anafika mstari wa tano bila kujua anaombwa akubali nini.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Ukoo wake ulikuwa wa asili ya Kiyao, lakini yeye alikua Mswahili wa pwani, Mwislamu, na mpenzi wa tungo. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, akihamishwa kituo hata kituo, Pangani kikiwa kimojawapo.

Forodha ina nidhamu yake ya maneno. Nahodha akifika na shehena, karani huuliza ni kitu gani, kiasi gani, kimetoka wapi na kinakwenda kwa nani. Anayejibu kwa kuzunguka hushukiwa. Shaaban Robert alikaa miaka 18 katika kazi ambayo maelezo yake ya kwanza ndiyo yanayoamua kama mzigo unapita au unazuiwa. Miaka hiyohiyo ndiyo aliyoanza kupeleka tungo zake kwenye gazeti la serikali, Mambo Leo, ambalo lilisomwa na Waafrika waliojua kusoma na kukaguliwa na maofisa wa Kiingereza. Hivyo alikuwa na wasomaji wa namna mbili tangu mwanzo: wenzake waliotaka kusikia ukweli, na wakubwa wake wa kazi ambao wangeweza kuudhika nao.

Kulikuwa na shule nyingine, ya nyumbani. Kuanzia 1931 hadi 1958 alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua nyingi, ambazo M. M. Mulokozi alizihariri na kuzitoa kitabu mwaka 2002. Barua ya Kiswahili cha pwani ina mpangilio ambao kila mzee aliujua. Kwanza huja salamu, kuuliza hali na kuombea heri. Kisha huja neno la kugeuzia, lile la kusema kwamba baada ya salamu jambo ni hili. Hapo ndipo msomaji hukaa sawa.

Mtu wa haraka anaweza kudhani salamu ni kupoteza wino. Sivyo. Salamu inafanya kazi: inawaweka anayeandika na anayeandikiwa mahali pamoja kabla mmoja hajamwomba mwenzake kitu. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Anayekwenda kwa chifu kulalamikia mpaka wa shamba hasemi la mpaka akiwa mlangoni. Lakini naye anayesalimia bila kufika kwenye shauri lake hurudi nyumbani bila kusikilizwa. Salamu inafaa kwa sababu ina mwisho, na mwisho wake unajulikana.

Nadhani hapo ndipo ufunguo wa insha zake ulipo. Insha haina salamu, kwa kuwa msomaji wake hajulikani kwa jina. Bado inahitaji kitu cha kufanya kazi ile ya salamu, na Shaaban Robert alikipata katika neno ambalo msomaji hawezi kulikataa. Insha zake nyingi huanzia kwenye jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu atalikubali kuhusu tabia, kazi au maisha. Msomaji akiisha kulikubali, wamekwisha kuwa pamoja. Kisha mwandishi anageuza na kuonyesha kwamba anayelikubali lile la kwanza hana budi kulitazama na hili la pili, ambalo pengine hakulipenda.

Mwaka 1944 aliiacha forodha na kwenda kufanya kazi Mpwapwa. Kuanzia 1946 alikuwa Tanga katika ofisi ya serikali, na kuanzia 1952 hadi 1960 katika idara ya upimaji wa ardhi. Vitabu vyake vikuu vilitoka katika miaka hiyo ya ukarani: Pambo la Lugha, Maisha Yangu, Kusadikika, Adili na Nduguze. Mwaka 1954 kilitoka Kielezo cha Insha, kilichochapishwa Johannesburg na Witwatersrand University Press. Jina la kitabu hicho lina maana kwetu. Hakukiita kanuni wala sheria ya insha. Alikiita kielezo, yaani mfano wa kutazamwa, kama fundi anavyomwekea mwanagenzi mkeka uliokwisha kusukwa na kumwacha aufuate kwa macho.

Lakini mfano wake mkubwa kuliko yote wa namna ya kuanza hoja haumo katika kitabu cha insha. Umo katika baraza la Kusadikika, tulikoanzia. Majivuno anafungua kwa kumpaka Karama matope: mtu huyu ni hatari, elimu yake ni hatari, nchi itaharibika. Ni mwanzo wenye kishindo, na wale waliokwisha kumchukia Karama wanaufurahia. Kasoro yake ni kwamba haumhamishi mtu yeyote kutoka pale alipokuwa.

Karama angeweza kujibu matusi kwa matusi. Angeweza pia kuanza kwa kukana kila neno, jambo ambalo lingelifanya baraza liendelee kuyafikiria mashtaka ya Majivuno, maana anayekana huyarudia yaleyale anayoyakana. Hafanyi hata moja. Anaomba asikilizwe, kisha anaanza kusimulia habari za wajumbe sita wa nchi hiyohiyo: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuifaa Kusadikika, wakarudi na hazina ya mawazo mema, na malipo yao yakawa kifungo. Wajumbe hao walitumwa na Kusadikika yenyewe, na ni Kusadikika yenyewe iliyowafunga. Kwa hiyo Karama ameanzia kwenye ardhi ambayo wasikilizaji wake hawawezi kuikana, kwa sababu ni yao. Hoja yake, kwamba nchi isiyo na sheria za haki huwala watumishi wake wema, inapotamkwa inakuwa imekwisha kukaa ndani ya vichwa vyao.

Baadhi yetu tunapojifunza kushawishi tunafanya ya Majivuno. Tunadhani aya ya kwanza yenye nguvu ni ile yenye sauti kubwa. Tukumbuke kwamba mwandishi wa kitabu hicho alikuwa mtumishi wa serikali ileile ambayo wasomaji wake waliitambua katika kioo cha Kusadikika. Kuanza kwa lawama kungemnyima mchapishaji, na huenda na mkate. Basi akaanza kwa nchi ya kubuni, akamwacha msomaji avuke mwenyewe kutoka huko mpaka nyumbani kwake. Upole wa mwanzo ule haukuwa woga. Ulimwezesha kusema jambo zito na bado asomwe.

Mwaka 1958 alikutana na msomaji wa aina nyingine. Mwaka huo ulitolewa Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini, akauza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha kwenye santuri, na ambaye alifariki mwaka 1950. Hapa tatizo halikuwa uadui, lilikuwa dharau. Kulikuwa na watu ambao wangeuliza kwa nini mwanamke wa asili duni na mwimbaji aandikiwe kitabu. Kuchagua tu kumwandika Siti kwa lugha ileile ya heshima iliyotumika kwa watu wakuu kulikuwa hoja, tena hoja iliyoanza kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa. Hilo nalo ni funzo: msomaji anayepinga huanziwa kwenye jambo analolikubali, lakini msomaji anayedharau huanziwa kwa kuonyeshwa kwamba mwandishi mwenyewe hana shaka na thamani ya mada yake.

Si kila kitu katika mtindo wake kinafaa kuigwa leo. Wahakiki wamemlaumu kwa mahubiri, na lawama hiyo ina msingi. Mwanzo wake wa neno la jumla, ukichukuliwa na mkono usio na uzoefu, ndio unaozaa ile aya yetu ya binadamu na matatizo yake tangu kale. Tofauti ni moja. Neno lake la jumla lina upande wa pili: limechaguliwa kwa sababu ya lile litakalofuata, na likiondolewa hoja inaanguka. Letu likiondolewa hakuna kinachopungua.

Tuchukue mfano wa hapa. Mwanafunzi anataka kushawishi kwamba watoto wa darasa la kwanza katika uwanda wa Ruzizi wafundishwe kusoma kwa Kiswahili. Mpinzani wake si mtu mbaya. Ni mzazi anayeuza muhogo au mchele ili alipe shule, na anachotaka ni mtoto ajue Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya vyeti na kazi. Mwandishi akianza kwa kulaani ukoloni wa lugha, mzazi huyo anafunga karatasi. Akianza kwa kueleza Kiswahili kinasemwa na mataifa gani, mzazi anapiga miayo. Akifuata njia ya Karama, ataanza kwa haja ya mzazi mwenyewe: kwamba fedha ile imetolewa kwa jasho ili mtoto ajue kusoma na baadaye ajue Kifaransa vizuri. Mzazi ameafiki. Sasa mwandishi anageuza: mtoto anayefunzwa herufi kwa maneno asiyoyaelewa hukariri sauti tu, na Kifaransa anachokitafuta mzazi kinazidi kuchelewa. Mistari minne imetosha. Mada imefika, msimamo umeonekana, na mpinzani bado yumo ndani.

Shaaban Robert aliingia katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, akapewa tuzo ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya Uingereza. Aliiona bendera ya Tanganyika huru ikipandishwa Desemba 1961. Mwezi Juni 1962 alifariki, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Vibambani. Miswada aliyoiacha iliendelea kuchapishwa baada yake, ukiwemo Utenzi wa Vita vya Uhuru mwaka 1967.

Yeye alidai kwa maisha yake yote kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fikra nzito. Huku kwetu dai hilo halijamalizika. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Matokeo yake tunafanya biashara, tunaomba na kusuluhishana kwa Kiswahili, lakini hoja zilizoandikwa tunazipeleka kwenye Kifaransa. Mhitimu wa kitivo chetu ataombwa kuandika barua ya kijiji kwa msimamizi wa eneo, au tahariri ya redio kuhusu mgogoro wa wafugaji na wakulima. Watakaomsikiliza watakuwa wamegawanyika kabla hajafungua kinywa. Asipojua kuanza mahali ambapo pande zote mbili zinaweza kusimama, nafasi hiyo itachukuliwa na akina Majivuno, ambao hawakosi kamwe la kuanzia.