Maisha ya George Smith, Msomaji wa Vibao vya Ninawi

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea habari za majemadari na wafalme. Muhula huu nawaletea habari za mtu ambaye hakuwa jemadari wala mtoto wa mkubwa. Alikuwa fundi wa kuchora mabamba ya kuchapia noti, na alianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 14. Jina lake George Smith. Nimemchagua kwa sababu sisi wa Kidato cha Nne hubishana sana bwenini, kabla taa hazijazimwa, juu ya hadithi za asili ya ulimwengu: ipi ilitangulia, na nani aliichukua kwa nani. Bishano hilo si letu peke yetu. Bwana huyu aliliamsha katika Ulaya nzima, na safari alizofanya kwa ajili yake ndizo zilizomwua.

Alizaliwa London, mtaa wa Chelsea, tarehe 26 Machi, 1840, katika jamaa ya watu wa hali ya chini. Alipotimiza miaka 14 alitiwa kwa wapiga chapa Bradbury na Evans kujifunza ufundi. Kazi ya kuchora noti yataka jicho kali na mkono uliotulia, maana mstari mmoja ukipotoka bamba lote limeharibika. Wengi wanaosimulia habari zake huipita sehemu hii mbio. Mimi naona hapo ndipo alipopata elimu yake hasa.

Siku zile magazeti ya Uingereza yalijaa habari za Ninawi, mji mkuu wa kale wa Ashuru, karibu na Mosul katika nchi iitwayo leo Iraki. Mwingereza Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, walikuwa wamefukua vilima huko na kukuta majumba ya wafalme, na ndani yake maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Sehemu kubwa ya maktaba hiyo ilipatikana kwa Rassam, Desemba 1853, naye alichimba usiku kwa siri kwa sababu upande ule wa kilima ulikuwa umewekewa Wafaransa. (Namtaja waziwazi, kwa kuwa watu humsifu Layard na kumsahau mwenye nchi.) Vitabu vya maktaba hiyo vilikuwa vibao vya udongo, navyo viliandikwa kwa mwandiko wa kabari, yaani alama zilizokandamizwa kwa ncha ya tete udongo ungali mbichi. Ninawi ulipotekwa na kuchomwa mwaka 612 kabla ya Kristo, moto ambao ungeiteketeza karatasi uliwafaa wasomaji wa baadaye, kwani udongo mwingi ulizidi kuwa mgumu. Vibao na vigae kama 30,000 vilipelekwa katika Jumba la Makumbusho la London, vingi vimevunjika vunjika.

Smith alipata mapumziko ya chakula cha mchana kama mafundi wenzake, lakini yeye alikwenda mbio makumbusho kuvitazama vigae. Fedha zake zikaishia katika vitabu. Hata Samuel Birch, mkuu wa idara ile, akamtambua kijana huyu asiyechoka, akamjulisha kwa Sir Henry Rawlinson, mmoja wa mabingwa walioufumbua mwandiko wa kabari. Akapewa kazi ya jioni ya kupanga vigae na kuviunganisha. Mwaka 1866 akapata jambo lake la kwanza: maandishi yaliyoonyesha mwaka ambao Yehu, mfalme wa Israeli, alimtolea kodi mfalme wa Ashuru. Mwaka 1870 makumbusho wakamwajiri rasmi.

Sasa tufike Novemba 1872. Smith alikuwa akivipanga vigae vya hadithi za kale, akakuta kipande kikubwa ambacho upande wake mmoja ulifunikwa na kitu kama chokaa. Fundi wa kusafisha, Robert Ready, alikuwa safarini, na Smith hakuwa mtu wa kungoja kwa utulivu. Alihangaika siku hizo kama mgonjwa. Kibao kiliposafishwa akasoma kwamba merikebu ilitua juu ya mlima, na kwamba njiwa aliachiliwa, akakosa mahali pa kutua, akarudi. Yasimuliwa kwamba Smith alirukaruka chumbani akaanza kuvua nguo zake, na wenziwe wakastaajabu. Mimi sioni ajabu. Alikuwa mtu wa kwanza kuisoma habari ile baada ya miaka zaidi ya elfu mbili.

Kwa ufupi, mungu Ea anamwonya mtu mmoja kwa siri kwamba gharika inakuja. Mtu huyo anajenga merikebu, anapakia jamaa zake, mafundi, na mbegu ya kila chenye uhai. Tufani inavuma siku sita na usiku saba. Merikebu inakwama mlimani, naye anaachilia njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru ambaye harudi. Kila aliyekua na habari za Nuhu, awe Mkristo au Mwislamu, ataitambua. Lakini tazameni pia tofauti zake. Katika kibao miungu ni wengi na hawapatani. Gharika yenyewe inawatisha wakakimbilia juu mbinguni, na sadaka inapochomwa baadaye wanaizunguka kama nzi, kwa njaa. Jambo hili la nzi huachwa katika masimulizi mengi, nami naliona ndilo linaloonyesha wazi kwamba waandishi wawili wanaweza kushika kisa kimoja wakamwaza Mungu kwa namna mbili mbali kabisa.

Tarehe 3 Desemba, 1872, Smith aliisoma tafsiri yake mbele ya watu wengi, na Waziri Mkuu Gladstone alikuwapo. Kila mtu akashika lake: wengine wakasema kibao kimeithibitisha Biblia, wengine wakasema kimeonyesha ilikotoka. Gazeti la Daily Telegraph likatoa gini 1,000 ili Smith aende Ninawi kutafuta sehemu iliyopungua. Mei 1873, baada ya siku chache tu za kuchimba, akakuta kigae chenye mistari 17 juu ya gharika. Gazeti likaridhika, likasimamisha kazi. Baadaye wataalamu walitambua kwamba kigae hicho hakikuwa cha hadithi ile hata kidogo; ni cha hadithi nyingine, ya Atrahasis, ambayo nakala zake za zamani zina umri wa miaka zaidi ya 3,600.

Makumbusho wakampeleka tena mwishoni mwa 1873. Huko akapata kigae cha habari za mfalme Sargon, aliyetiwa uchangani katika kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami, akaachwa mtoni, akaokotwa na mteka maji. Mwaka 1876 akatoa kitabu chake juu ya asili ya ulimwengu kwa masimulizi ya Babeli, pamoja na vipande vya hadithi ya Marduk, aliyempasua Tiamat na kufanya mbingu kwa nusu ya mwili wake.

Mwaka huo huo akatumwa mara ya tatu. Ruhusa ya serikali ya Waturuki ilichelewa, tauni ilikuwa Baghdad, na kuchimba hakukuwezekana. Akapanda farasi kurudi katika joto kali la Julai na Agosti, wakati ambao wenyeji hawasafiri bila lazima. Kuhara damu kukampata njiani, akachukuliwa mpaka Aleppo, akafa huko tarehe 19 Agosti, 1876, mwenye umri wa miaka 36. Mkewe Mary aliachiwa watoto wadogo, na Malkia akaagiza apewe pauni 150 kwa mwaka.

Shujaa wa hadithi ile ya vibao 12, ambaye habari za gharika ni kibao chake cha 11, Smith alimwita Izdubar, kwa kuwa alama za jina lake zaweza kusomwa hivyo. Mwaka 1890 Theophilus Pinches alipata usomaji ulio sahihi: Gilgamesh.