Jacques Amyot, mtunza vitabu wa mfalme

Mwaka 1513, katika mji wa Melun, nchi ya Ufaransa, alizaliwa mtoto jina lake Jacques Amyot. Wazazi wake walikuwa maskini. Melun uko kando ya mto Seine, na kutoka huko mpaka Paris ni karibu kama kutoka Marabo mpaka Bunia. Jacques alipenda sana kusoma, akaenda Paris, lakini fedha hakuwa nazo. Husimuliwa kwamba kila juma mama yake alimpelekea mkate kwa mikono ya wenye mashua, naye alikuwa mtumishi wa wanafunzi matajiri ili apate kukaa shuleni. Usiku, kwa kukosa mafuta ya taa, alisoma kwa mwanga wa makaa.

Wakati ule Mfalme François I alikuwa ameweka Paris walimu wa Kigiriki, lugha iliyojulikana na watu wachache tu. Amyot akawasikiliza, akaishika lugha hiyo barabara. Kisha akafundisha katika mji wa Bourges miaka kumi hivi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutafsiri kwa Kifaransa kitabu cha Mgiriki wa kale, Plutarch, aliyeandika maisha ya watu wakuu wa Ugiriki na Roma. Kitabu hicho kilikuwa kimenakiliwa kwa mkono mara nyingi, na wenye kunakili walikosea hapa na pale. Amyot hakutaka kutafsiri makosa. Akasafiri mpaka Italia, akatafuta nakala za zamani huko Venezia na katika maktaba ya Papa, akazilinganisha. Mwaka 1551 alitumwa kupeleka barua ya Mfalme Henri II kwa Maaskofu wa Mtaguso wa Trento. Alipomaliza akarudia karatasi zake. Kitabu kilitoka mwaka 1559, na hata hapo hakuacha kukisahihisha. Mwaka 1579 Mwingereza Thomas North alikitafsiri kutoka Kifaransa hicho cha Amyot, na Shakespeare akachota humo habari za Waroma kwa michezo yake.

Henri II alimweka kuwa mwalimu wa wanawe. Mmoja wao, Charles IX, alipopata ufalme mwaka 1560, alimfanya mwalimu wake mkuu wa sadaka za mfalme, kisha mtunza vitabu vyake. Mwaka 1570 Amyot akawa Askofu wa Auxerre. Cheo kikubwa kwa mtoto aliyeletewa mkate kwa mashua! Lakini teolojia alikuwa hajaisoma sana. Basi, akikaribia miaka sitini, akaanza tena kama mwanafunzi, akasoma Maandiko na vitabu vya Mtakatifu Thomas.

Mwaka 1588 Mfalme Henri III, aliyekuwa zamani mwanafunzi wake, aliamuru mtawala mkubwa Guise auawe katika mji wa Blois. Amyot alikuwako mjini. Watu wa Auxerre walimpenda sana Guise, wakasema Askofu wao alikubali mauaji hayo. Yeye alikana. Aliporudi, njiani aliporwa mali yake, na mjini alitishwa kwa bunduki. Watu hawakutaka afanye kazi ya Kanisa, mpaka mwaka 1590 mjumbe wa Papa alipomwondolea lawama.

Kwa mfalme hakurudi tena. Alikaa Auxerre na watu wale wale, akiwa Askofu wao, mpaka alipofariki tarehe 6 Februari 1593.