Rebmann wa Rabai: Mwalimu Aliyekubali Kufundishwa

Katika yubilei hii, sisi wanakwaya wa Kwale, kuanzia Diani hadi Msambweni, tunamkumbuka mmisionari Johannes Rebmann. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846, akaungana na Dkt. Krapf kule Rabai, kwa ndugu zetu Wamijikenda.

Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro. Wasomi wa Ulaya walimcheka. Alirudi kazini Rabai. Alipotaka kujifunza Kinyanja, aliketi kama mwanafunzi mbele ya mtumwa aitwaye Salimini, akayaandika maneno yake mpaka yakawa kamusi.

Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, naye akabaki. Waamini walikuwa wachache. Macho yakapofuka. Mwaka 1875 alirudi kwao akisindikizwa na Isaac Nyondo, mwana wa Rabai, akafariki mwaka uliofuata.

Nasi tunaogombania kipaza sauti na mstari wa mbele, tujiulize: ni nani kwetu yuko tayari kufundishwa na mdogo wake? Bwana atujalie moyo wa mtoto, tuimbe huku tukitumikia. Amina.